Sukuma, Mayu

Honi ya meli ya Nansio inapokaribia kulia
huwa nimeshaketi kando ya kiti chake, upande wa kulia,
mkono mmoja tayari nyuma ya kiuno.
Maana honi ikilia, mama anasimama.
Anasimama kama mwenye magunia thelathini ya dagaa gatini
na wachukuzi wasiojua kuhesabu.
Fremu inabaki ukutani,
magurudumu yake mawili yametazama pembeni
kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Mara ya kwanza alifika kizingitini peke yake.
Nilikuwa uani naanua nguo.
Nyumba yetu hii ya Mabatini imekaa juu ya jiwe,
na jiwe halimjui Kwandu binti Masalu,
halikumbuki kwamba alipanda hapa miaka na miaka
ndoo kichwani, mimi mgongoni.
Ulivunjika mkono wake, na sauti yangu,
kwa kupiga kelele:
Shika! Inua mguu! Si huo! Tazama chini! Tazama mbele!

"Amri tano kwa pumzi moja," alisema Asteria,
dada wa mazoezi ya viungo kutoka Bugando,
huku anazungusha utepe mwekundu kwenye vishikio.
"Mlango wake sasa mwembamba.
Neno lipite, ndipo lije jingine."
Akapindua fremu, akatazama miguu ya nyuma.
Mpira ulikuwa umelika; nilikuwa nimempa fundi katambuga
achonge mwingine wa tairi, nikajiona mjanja.
Akaung'oa, akautia mfukoni.
"Sakafu ikilowa, huu ni sabuni."

Kuinuka, mikono kwenye kiti.
Kiti kizito, kitamstahimili.
Fremu ni nyepesi, ukiivuta inakufuata.
Alisema hivyo, kisha akasimama mbele ya mama, kimya.
Nikadhani amemaliza.
Kumbe alikuwa anangoja tu.

"Sukuma," akasema.

Mama akainua macho.
"Ndiyo. Wa Magu. Wewe je?"

"Mimi Mjita, mayu."

"Haidhuru," mama akasema,
na magurudumu yakaenda.

Tangu hapo neno ni hilo.
Sukuma.
Wa Magu.
Kanyaga. Kanyaga. Sukuma.
Wa Magu.
Mkeka nimeukunja, ndoo imehamia nyuma ya mlango.
Kutoka kitandani hadi chooni
ni Wa Magu kumi na moja.
Siku mbaya, ishirini, na tunapumzika kwenye kabati.

Si kila siku.
Juzi alitundika mfuko wa vitunguu kwenye kishikio
na chuma kikainama upande mmoja kama mlevi.
Jana alikataa kabisa:
"Hii ni ya mgonjwa. Mpelekeeni."
Zamani ningebishana. Ningemtajia mwaka,
ningemtajia mkono uliovunjika.
"Basi tumpelekee," nikasema,
"shika wewe, mimi sijui njia."
Tukampelekea mgonjwa fremu yake, taratibu,
tukazunguka sebule yote,
hatukumkuta.

Usiku naiweka pale mkono wake unapofika,
utepe mwekundu ukitazama mto.
Taa ya korido siizimi; luku ina gharama zake,
na nyonga ina zake.
Saa nane nikasikia kitanda kinalia.
Nikaenda pekupeku.
Alikuwa ameketi, kanga yake ameivua,
ameifunika fremu, amepindia vizuri mabegani.

"Mtoto wa nani huyu," akaniuliza,
"mnamsimamisha usiku kucha?"

Nikaitoa ile kanga, maana itanasa kwenye gurudumu.
Nikamwambia hasikii baridi.
Akanitazama
kama anavyotazamwa mtu mwenye roho mbaya.